Niliitwa Chuoni Kutetewa, Nikashtakiwa

Nimeshtakiwa mara moja tu maishani mwangu.

Si polisi, si mahakamani. Nilishtakiwa kwenye ukumbi wa chuo, mchana kweupe, mbele ya watu waliovaa vizuri. Na aliyenishtaki ni mtoto niliyemfundisha mimi mwenyewe kupenga kamasi.

Kibaya zaidi, walimpigia makofi.

Na kibaya kuliko hicho, nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana nikianzia kwenye makofi mtasema bibi anababaika.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona tangu nilipomaliza darasa la saba, na darasa hilo ndilo chuo kikuu changu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Inalia kama mbuzi mwenye njaa, lakini mshono wake ukiuvuta, mkono wako utachoka kabla ya uzi.

Nina binti mmoja. Nilijaribu kumfundisha kushona, ikashindikana. Mshono wake ulikuwa unakwenda kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Nikamwachia asome.

Binti huyo akazaa binti. Mtoto alipoanza kutembea, mama yake akaniletea na begi lake.

"Mama, nishikie huyu. Nakwenda kutafuta kazi. Nikitulia nitamfuata."

Kazi aliipata upesi. Kutulia ndiko kulikochukua muda.

Mtoto akakulia kwangu. Tulimwita Wakili, kwa sababu hakuna amri aliyoipokea bila kuikatia rufaa. Ukimwambia alale, anauliza nani kathibitisha kwamba ni usiku. Ukimwambia ale, anataka ushahidi kwamba ana njaa.

Tulitaniana, tukaitana mke mwenza. Tukagombana, tukanuniana, tukalala kitanda kimoja mpaka miguu yake ikarefuka ikaanza kunibandika ukutani.

Wakili akafika chuo. Akafika mwaka wa mwisho.

Hapo ndipo mama yake alipotulia.

Alikuja na gari la kukodi na viatu visivyopenda vumbi. Ana kazi nzuri mji mwingine, ana nyumba yenye vyumba vya kutosha, ana mapazia mpaka jikoni. Mume alikuwepo, akaondoka. Binti yangu akaketi kwenye benchi langu la wateja, akazunguka na maneno weee, mwishowe akatua.

"Mama, Wakili akimaliza chuo, nataka aje akae na mimi."

"Kama mgeni?"

"Kama mtoto wangu."

Nikaendelea kukanyaga cherehani. Kitambaa kilikuwa kimeshapita zamani, nilikuwa nashona hewa.

"Hatutamvuta huku na huku," akasema. "Tumwachie achague. Chuo kina wiki yake ya matukio kabla ya kufunga. Ikiisha hiyo, atatuambia anarudi kwako au anakuja kwangu."

Nikakubali. Ningesema nini? Mtoto ni wake, hata makaratasi yanasema ni wake. Mimi nilikuwa na nepi nilizofua, na nepi hazipigwi mhuri.

Siku chache baadaye Wakili akanitumia tangazo la hiyo wiki kwenye simu. Nikalikuza kwa vidole mpaka herufi zikawa kubwa kama sahani.

Jumatatu, mhadhara wa wazi, profesa atazungumza kuhusu udongo. Jumatano, maonyesho ya vitabu. Alhamisi, mdahalo. Ijumaa alasiri, tamasha la utamaduni: ngoma, ngonjera na mavazi. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo: maleba yameshonwa na fundi mwalikwa.

Fundi mwalikwa ndiye mimi, jamani; Wakili alikuwa ameshaniletea kazi hiyo ya kushona nguo za wachezaji. Sijawahi kualikwa na chuo hata kufagia.

Kisha akanipigia.

"Bibi, maleba unaleta Ijumaa, lakini nataka uje tangu Alhamisi. Nitatetea hoja kwenye mdahalo."

"Hoja ya nini?"

"Malezi. Bibi na mama, nani amlee mtoto. Mama naye nimemwalika."

Sasa nisikilizeni. Mimi nilisikia maneno mawili tu, "nitatetea" na "bibi". Nikayaunganisha mwenyewe, nikayapiga pasi, nikayavaa.

Nikatoka nje, nikamkuta jirani yangu tunayemwita Redio. Huyu hahitaji betri.

"Alhamisi natetewa chuoni," nikamwambia.

"Unatetewa? Kwani umeiba nini?"

"Mjukuu wangu anasimama mbele ya maprofesa kunitetea. Mama yake atakuwepo. Leo ukimwaga maji barabarani uyamwage kwa heshima, unaishi jirani na mtu wa hoja."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Mwenye duka akanipa pole, alidhani ni kesi.

Nikajishonea gauni. La rangi ya bluu, kola ndogo, vifungo vya kufunika kwa kitambaa, vile ambavyo vijana wa siku hizi hawana subira navyo. Nikasema, mtu akitetewa apendeze.

Alhamisi ikafika.

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na meza ya mwenyekiti wa mdahalo, kijana mwembamba mwenye kengele ndogo. Kulia kwake wamekaa wanaotetea, kushoto wanaopinga, na waamuzi watatu pembeni wenye sura kama wameagizwa wasitabasamu.

Viti vya mstari wa kwanza vilibandikwa karatasi: WAZAZI.

Binti yangu akaisoma ile karatasi, akanitazama.

Nikakaa. Mimi nimemzaa aliyezaa, nani mzazi zaidi?

Akakaa kando yangu. Alinukia vizuri. Mikono yake ilikuwa inaupindua mkoba kama mtu anayetafuta funguo asizokuja nazo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namwonea huruma. Nikawaza, maskini, leo mwanawe atasimama aseme kwamba mtoto alelewe na bibi, na yeye kavaa vizuri hivi.

Mwenyekiti akagonga kengele.

"Hoja yetu leo inasema: mtoto alelewe na mama yake, asilelewe na bibi. Namkaribisha msemaji mkuu wa upande unaotetea hoja."

Wakili akasimama upande wa kulia.

Nikainua mkono.

"Bibi, michango ya wasikilizaji itakuja baadaye," akasema mwenyekiti.

"Si mchango, baba. Mtoto wangu amekaa upande usio wake. Msogezeni kabla hajaanza."

Ukumbi ukacheka. Wakili akainama akatazama viatu vyake. Mwalimu mmoja wa kike aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega, akaninong'oneza.

"Bibi, hapa pande hupangwa kwa kura. Mwanafunzi anaweza kutetea jambo asiloliamini."

"Anasema asichokiamini?"

"Ndiyo."

"Na watu wanamsikiliza?"

"Ndiyo, na anapewa alama."

"Mnasomea hilo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Sisi tulifanya bure," nikamwambia, nikageuka mbele.

Nilitania, lakini moyo ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye soksi. Kura au si kura, mtoto alikuwa amesimama upande wa mama yake, na mama yake alikuwa ameacha kuupindua mkoba.

Wakili akaanza.

"Mwenyekiti, waamuzi, wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu. Natetea hoja kwa sababu tatu. Kwanza, bibi hana hukumu ya haki. Mtoto akiiba sukari, bibi huilaumu sukari kwa kukaa wazi."

Kicheko.

Hilo ni kweli. Sukari ilikuwa imekaa wazi.

"Pili, bibi amechoka. Kwenye mkutano wa wazazi husinzia, akiamshwa hupiga makofi, hata kama wakati huo mwalimu anamshutumu mjukuu wake."

Kicheko kikubwa. Watu wakageuka kunitazama. Sijui walijuaje ni mimi. Labda ni gauni.

Nilitaka kuinuka nitoke. Mstari wa kwanza una ubaya wake, jamani, ukitoka unapita mbele ya kila mtu, na mimi nikitembea goti langu la kulia linalia. Nikabaki pale kama kitambaa kilichobanwa na mguu wa cherehani. Ukikivuta kinachanika, ukikiacha kinashonwa.

"Tatu," akasema Wakili, na sauti yake ikabadilika. "Bibi ni mwongo."

Wakacheka tena, lakini wachache.

"Nawasimulia habari ya mtoto mmoja. Kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, bibi yake alimpa nguo mpya. Akamwambia, hii imetoka kwa mama yako. Ameinunua dukani, ameituma kwa basi. Hata lebo ya duka ilikuwepo shingoni. Mtoto akaivaa akazunguka nayo mtaa mzima. Mama yangu kaninunulia. Mama yangu kaninunulia."

Nikaishika kola yangu.

"Mtoto huyo ana kasoro ndogo. Bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Nguo yoyote ya dukani humpwaya upande mmoja. Lakini nguo za mama yake, kila mwaka, zilimkaa sawasawa. Na pindo lake kila mwaka lilikunjwa vidole vitatu ndani, ili mtoto akirefuka lishushwe. Nawauliza waamuzi. Duka gani linajua bega la mtoto? Duka gani linamwekea mtoto akiba ya kukua?"

Hakuna aliyecheka.

"Mtoto aliligundua hilo mapema sana. Akanyamaza. Kila mwaka akapokea, akashukuru, akamwambia bibi yake, mwambie mama asante. Wakawa waongo wawili nyumba moja. Kwa hiyo nasema, mtoto alelewe na mama yake, ili bibi asilazimike kudanganya, na mtoto asilazimike kujifanya amedanganyika. Naomba kutoa hoja."

Kengele. Makofi yakalipuka, na wengine wakasimama.

Mimi nilikuwa bado nimeishika kola yangu. Lebo zile nilikuwa nazikata kwenye nguo za wateja waliokuja kupunguziwa viuno. Nazishona shingoni mtoto akiwa shule. Nilijiona mjanja kuliko nchi nzima.

Binti yangu akanong'ona bila kugeuza shingo.

"Mama. Mimi sikutuma nguo."

"Najua."

"Hata moja."

"Najua, mwanangu. Tulia, kuna mwingine anasimama."

Ningemwambia nini? Ningemshika mkono? Mkono wenyewe ulikuwa umeusonga mkoba kama kamba ya ndoo kisimani. Nikatazama mbele.

Aliyesimama alikuwa kijana aliyefunga tai fupi sana, inaishia tumboni kama ulimi. Yeye alikuwa upande wa kupinga, yaani upande wangu. Na jamani, yule kijana alinipendeza. Akasema bibi ndiye mtu pekee anayelala kwa ubavu mmoja miaka yote ili mtoto anyooshe miguu. Akasema bibi hula ukoko akidai anaupenda. Akasema mtoto akiugua, bibi humwambia ugonjwa uondoke, na ugonjwa unamwogopa.

Nikampigia makofi peke yangu, katikati ya hotuba, mpaka mwenyekiti akagonga kengele.

Nikawaza, kijana huyu ana bibi mzuri. Na mimi niliyeula ukoko miaka yote, wangu ananiita mwongo mbele ya maprofesa.

Waamuzi wakanong'onezana. Upande wa mama ukashinda, kwa tofauti ndogo.

Mmeona? Nilishindwa kesi ambayo sikupewa hata nafasi ya kujitetea.

Tulipotoka kwenda kunywa chai kwenye uwanja wa nyuma, binti yangu hakuja mezani. Nikamwona amesimama kwenye ukuta wa maktaba, amewapa watu mgongo. Nikamwendea na goti langu linalolia.

"Ulimwambia mimi ndiye niliyetuma?" akauliza.

"Nilimwambia."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Kwa nini, Mama? Ungeweza kumwambia ukweli. Ungeweza kumwambia sijali."

"Uliniambia nikushikie. Nikamshika yeye, na nafasi yako nikaishika pia."

Hapo akalia. Si kilio cha kistaarabu, kile cha kitambaa puani. Alilia kama alipokuwa mdogo akianguka, mdomo wazi. Na mimi niliyezoea kumpuliza goti, sikujua safari hii nipulize wapi.

Nikasimama tu. Nikawazuia watu wasione, kwa upana wangu. Hilo ndilo pekee nililoliweza.

Akajifuta, akaniambia atarudi kesho kwenye tamasha, akaenda kwenye gari.

Nilipogeuka, yule kijana wa tai fupi alikuwa amenisubiri na kikombe cha chai.

"Bibi, asante kwa makofi yako."

"Nisalimie bibi yako. Amelea."

Akacheka, akajikuna kichwa.

"Mimi bibi yangu sikumkuta. Maneno yale aliniandikia Wakili."

"Wakili gani?"

"Wakili wako. Kura ilipopigwa, yeye ndiye aliyeangukia upande wa bibi. Mimi nilikuwa upande wa mama. Akanifuata, akaniomba tubadilishane. Akanipa na hotuba yake yote, niisome mimi."

"Kwa nini asiisome mwenyewe?"

"Alijaribu mbele yetu chumbani. Hakufika mbali, akaanza kulia. Akasema upande huo hauwezi."

Nikakipokea kikombe. Chai ikanimwagikia kwenye gauni. Sikuifuta.

Kumbe nilitetewa. Ila mdomo uliotumika ulikuwa wa kuazima.

Kwa nini sikumfuata Wakili saa ileile nikamuuliza umechagua wapi? Niliogopa. Nilikwenda zangu kulala kwa mtu ninayefahamiana naye karibu na chuo, nikajiambia moyoni: mtoto aliyelia kwa kukusifu hawezi kukuacha. Nikalipiga pasi na hilo, nikalivaa.

Ijumaa alasiri, nyuma ya jukwaa.

Chumba kidogo, kioo kimoja, wasichana wengi. Huyu hapati mkono wa blauzi, yule kachana ubavu kwa kucheka. Nilikuwa nakimbia na sindano kama daktari wa vita. Nje mtangazaji anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, kana kwamba kuna tatu inayomtisha.

Wakili alikuja wa mwisho. Alipanda juu ya kiti, sketi ya maleba imefumuka pindo. Nikapiga magoti, nikatia pini mdomoni, midomo nikaibana.

"Bibi," akasema taratibu, "usiseme neno."

Ningesemaje?

"Nimekusubiri makusudi mpaka utie pini mdomoni. Maana ukinijibu nitashindwa."

Mtoto yule ni wangu, jamani. Ujanja huo hakuutoa kwingine.

"Naenda kwa mama."

Mkono wangu ukasimama kwenye kitambaa.

"Si kwa sababu ya mdahalo. Nilikuwa nimeshaamua. Nilichukua upande ule ili nijaribu kulisema kwa sauti, nione kama naweza."

Nikachomeka pini moja. Nikachomeka ya pili. Macho yalikuwa yameanza kuona mapindo mawili.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Bibi. Kila mwaka unanivisha nguo, unaniambia mama yako anakupenda, anakukumbuka, amekutumia. Nilijua nguo ni uongo. Lakini yale mengine niliyaamini. Sasa nimeshampenda, nifanyeje?"

Ningeweza kuzitema zile pini. Niliogopa zingetoka na maneno. Maneno yenyewe nilikuwa nayajua, yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno: na mimi je?

"Wewe una Redio, una wateja, una mtaa mzima wa kuutania. Yeye ana mapazia. Hana hata mtu wa kumdanganya."

Nikatikisa kichwa, juu na chini. Nikatikisa tena. Mtu angeniona angedhani nimekubali, na labda ndivyo ilivyokuwa.

Nikalikunja lile pindo, nikalishona haraka, mshono wa mkono. Nilipomaliza akainama kulitazama.

"Bibi. Umekunja vidole vitatu ndani."

Kweli, nilikuwa nimekunja.

"Mimi sikui tena."

Sasa pini zilikuwa zimekwisha mdomoni. Nilikuwa na nafasi ya kujibu.

"Nani kathibitisha?" nikasema.

Akashuka kwenye kiti, akanikumbatia, akaniachia poda kwenye bega. Ngoma ikaanza, akakimbia. Nilimtazama kupitia upenyo wa pazia. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, macho yamevimba, anapiga makofi nje ya mapigo. Wakili akicheza, bega la kushoto limeshuka kidogo, na blauzi imemkaa sawasawa.

Basi wakaondoka.

Niliporudi mtaani, Redio alikuwa mlangoni pangu kabla ya mimi.

"Haya, ulitetewa?"

"Nilitetewa."

"Mkashinda?"

"Tulishindwa vizuri sana."

Akataka kuuliza zaidi, akaniona uso, akaniletea uji. Mara ya kwanza katika historia Redio ilijizima yenyewe.

Kitanda changu sasa kimekuwa kipana mno. Bado nalala ubavu mmoja, ukutani. Nimejaribu kulala katikati, sijui katikati panalalwaje.

Sasa ngojeni, kuna kitu kimoja kimebaki.

Juzi ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Nikapigiwa simu na wakala wa basi, kuna mzigo wako. Nikaufuata, nikaufungulia palepale kwenye benchi la abiria. Gauni. Rangi ya zambarau, lebo ya duka shingoni.

Simu ikalia. Wakili.

"Bibi, umepata? Mama kakununulia dukani."

"Dukani?"

"Dukani kabisa. Lebo si unaiona?"

Nikaliinua gauni kwenye mwanga. Mgongo umekatwa kwa nafasi, maana mgongo wangu siku hizi umepinda. Ubavu wa kulia una nafasi ya kuingiza mkono wangu usionyooka vizuri. Duka gani linajua mgongo wangu?

Nikacheka kimoyomoyo. Huyu mtoto kamshonea bibi yake, kisha kamsingizia mama yake. Malezi yangu hayo.

Kisha nikageuza mikono ya gauni ndani nje.

Mkono wa kulia, mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Huo ni wa Wakili, nilimfundisha mwenyewe.

Mkono wa kushoto, mshono unakwenda kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

Umefumuliwa, ukarudiwa. Ukafumuliwa tena, ukarudiwa. Matundu ya sindano yamejaa kama mtu alikuwa anaandika barua akafuta, akaandika, akafuta. Mwisho wake fundo kubwa kama punje ya mahindi.

Huo mshono naujua. Niliukatia tamaa zamani sana.

"Bibi, upo?" Wakili akauliza.

"Nipo."

"Limekukaa?"

"Limenikaa. Mwambie mama yako asante."

Upande wa pili nikasikia mtu anapumua, na hakuwa Wakili.

Ningeweza kusema, mwanangu, najua uko hapo. Sikusema. Nikaendelea kulishika gauni, simu sikioni, sote watatu tukapumua tu.

Jioni nikalivaa, nikazunguka nalo mtaa mzima. Kwa Redio, kwa mwenye duka, mpaka kwa wale wanaocheza bao ambao hawajui hata gauni ni nini.

"Binti yangu kaninunulia," nawaambia. "Dukani."

Redio akautazama ule mkono wa kushoto, akautazama tena. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Duka zuri," akasema.

Funzo langu ni hili, na mlichukue bila kunicheka. Ukialikwa mdahalo, uliza kwanza mjukuu wako amekaa kulia au kushoto, ndipo ushone gauni.

Na kama unamlea mtoto wa mtu huku unamtunzia mwenye mtoto sifa zake, jua unachokifanya. Siku ile mtoto akikuamini, atamfuata. Utabaki umepiga magoti na pini mdomoni, huna neno.

Mimi ningeulizwa tena, ningezikata zile lebo vilevile.